Mbwa Hatafutwi Siku ya Tukio

Asubuhi ya tarehe 9 Novemba, mwaka 1888, katika kichochoro kilichoitwa Miller's Court, mashariki ya mji wa London, iligunduliwa maiti ya mwanamke aliyeuawa kwa kisu ndani ya chumba chake. Polisi walifika upesi. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini kwa kupitia dirisha lililovunjika kioo waliyaona yaliyokuwamo. Hata hivyo hawakuingia. Waliambiwa wasubiri mbwa wawili wa kunusa, Barnaby na Burgho, waliokuwa wamejaribiwa mwezi uliotangulia katika bustani za mji huo, ili wasaidie kumwinda muuaji aliyepewa jina la Jack the Ripper.

Askari hao walisubiri tangu saa tano hivi asubuhi hadi saa saba na nusu mchana. Ndipo alipofika mkubwa wao na kuwaarifu kwamba mbwa hawaji, mlango uvunjwe. Mbwa walikuwa wamekwisha kurudishwa kwa mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na makubaliano ya malipo wala ya fidia endapo wangedhurika kazini, na habari hiyo haikuwa imewafikia askari waliosimama mlangoni. Hapana awezaye kusema kama mbwa hao wangefaulu katika mitaa ile iliyosongamana watu. Lakini lililo dhahiri ni kwamba fedha iliyookolewa ilikuwa ndogo, na saa zilizopotea hazikurudi. Muuaji hakukamatwa hata leo.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa na kila askari, kwa sababu swali lililokuwapo mlangoni siku ile limeulizwa tena nchini Uingereza katika karne hii: je, mbwa wa polisi ni gharama, au ni silaha?

Mwezi Oktoba mwaka 2010 serikali ya Uingereza, ikijitahidi kuziba pengo lililoachwa katika Hazina na msukosuko wa mabenki wa mwaka 2008, ilitangaza kwamba fedha inazowapa polisi wa England na Wales zitapunguzwa thamani kwa asilimia 20 katika muda wa miaka minne. Katika sehemu hizo mbili yako majeshi ya polisi 43, na kila mkuu wa jeshi alitakiwa kuchagua mwenyewe mahali pa kukata. Katika miaka iliyofuata, idadi ya askari ilipungua kwa zaidi ya 20,000. Baadhi ya majeshi yalivunja kabisa vikosi vyao vya farasi. Vikosi vya mbwa navyo vilitazamwa kwa jicho hilo hilo la mhasibu.

Si vigumu kuelewa kwa nini. Mkuu wa polisi hawezi kufunga chumba cha kupokea simu za wananchi walio hatarini, wala hawezi kuondoa doria yote mitaani. Lakini banda la mbwa lina gharama zinazoonekana wazi katika daftari: chakula, dawa, daktari wa mifugo, gari lenye vizimba, mwalimu, na askari ambaye muda wa mazoezi hahesabiwi kuwa yuko doriani. Faida yake haionekani katika daftari hilo. Mtoto aliyepotea akapatikana kabla ya usiku kuingia, au bomu lililonuswa kabla ya kulipuka, havina safu yake katika hesabu.

Njia moja iliyotumiwa ni kuunganisha vikosi. Majeshi ya Bedfordshire, Cambridgeshire na Hertfordshire yaliweka mbwa wao chini ya kikosi kimoja. Mpango wa namna hiyo una manufaa yake ya kweli, maana walimu, mabanda na matibabu hushirikiwa. Lakini una upungufu ambao hauondolewi na hodari yeyote wa kupanga zamu, nao ni masafa. Harufu ya mtu haimsubiri askari. Jua huikausha, upepo huitawanya, mvua huiosha, na miguu ya watazamaji huivuruga. Gari la mbwa linapohudumia wilaya nyingi badala ya moja, kila maili inayoongezwa hupunguza kile ambacho mbwa amekuja kukitafuta.

Katika kikosi hicho cha pamoja ndimo alimokuwa mbwa Finn. Usiku mmoja wa Oktoba mwaka 2016, katika mji wa Stevenage, yeye na askari wake walikuwa wakimfuata mtu aliyeshukiwa kwa unyang'anyi. Mtu huyo alichomoa kisu kikubwa. Finn alichomwa kifuani na kichwani, lakini hakumwachia mshambuliaji mpaka msaada ulipofika, na hivyo akamwokoa askari wake. Alifanyiwa upasuaji, akapona, na kabla ya mwaka huo kwisha alirudi kazini.

Jambo lililowashangaza wananchi ni kwamba mbele ya sheria, kumjeruhi Finn kulihesabiwa kuwa ni uharibifu wa mali, kama vile mtu aliyevunja kioo cha gari. Ilibidi Bunge litunge sheria mpya mwaka 2019, inayomzuia mshambuliaji wa mnyama wa kazi kujitetea kwamba alikuwa akijihami tu. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kitu kikiandikwa kuwa ni mali, huwa rahisi kukifuta kwa kalamu. Kikitambuliwa kuwa ni mwenzi wa askari kazini, kalamu husita.

Baadhi ya viongozi wa polisi walilitambua hilo hata katika miaka ile ya dhiki. Mwaka 2013 polisi wa Nottinghamshire walianzisha malipo ya uzeeni kwa mbwa wao, yasiyozidi pauni 1,500 katika miaka mitatu, ili kumsaidia anayemtunza mbwa mstaafu kulipia matibabu. Fedha hizo si nyingi, lakini askari aliyeona mbwa wake akitunzwa baada ya kazi hujua kwamba naye hatasahauliwa.

Mwaka 2019 serikali ya Uingereza iligeuza mwendo na kutangaza kuandikisha askari wapya 20,000. Mwaka 2023 ilisema kwamba idadi hiyo imefikiwa na kupita. Lakini askari aliyeandikishwa jana si mwongoza mbwa leo. Yampasa kwanza amalize kipindi cha majaribio na aijue kazi ya kawaida ya polisi. Kisha achaguliwe, apewe mbwa, na wote wawili wafundishwe kwa muda wa miezi mitatu hivi. Baada ya hapo huanza shule ya kweli, ile ya usiku, ya matope na ya makosa, ambamo askari hujifunza kusoma mkia na masikio ya mwenzake kama mtu asomavyo barua. Na mbwa mwenyewe hufanya kazi miaka michache tu. Afikapo miaka minane hivi huwa amekaribia kustaafu. Kwa hiyo kikosi kilichovunjwa kwa waraka wa siku moja hakirudishwi kwa waraka mwingine.

Mambo hayo hayako mbali na nchi za Afrika ya Mashariki. Tarehe 11 Julai mwaka 2010, miezi mitatu tu kabla ya uamuzi ule wa London, mabomu yaliwaua watu zaidi ya 70 mjini Kampala waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Tangu wakati huo hapana mwananchi wa Uganda asiyejua maana ya mbwa wa kunusa baruti penye lango la mkutano. Na vijijini, nyumba ikivunjwa au mtu akiuawa, watu huzuia njia ya mhalifu isikanyagwe, wakimngoja mbwa wa polisi.

Lakini mahakama nazo zina masharti yake. Mwaka 1967, katika shauri la Omondi na mwenzake nchini Kenya, majaji walionya kwamba ushahidi wa mbwa upokewe kwa hadhari kubwa. Sharti mahakama ielezwe ujuzi na uzoefu wa askari aliyemwongoza mbwa, na namna mbwa alivyofuata nyayo hatua kwa hatua. Mahakama za Uganda pia zimeufuata msimamo huo. Maana yake ni wazi kwa kila askari anayeandika maelezo ya kesi: mbwa haapi kizimbani. Humsemea daftari lake la mazoezi, pamoja na askari anayemjua.

Basi fedha ya mazoezi ikikatwa, hasara haiishii bandani. Mbwa anaweza kubaki, akala na kubweka, na hata akaonyeshwa kwenye gwaride. Lakini daftari likiwa tupu, wakili wa mshitakiwa atauliza swali moja tu, na kesi itaanguka. Mhalifu atarudi kijijini, na wananchi watasema polisi wamemwachia.

Hapana nchi isiyolazimika kubana matumizi, na askari hawawezi kudai kwamba wao peke yao wasiguswe. Lakini yako mambo ya kupunguza, na yako mambo ya kutunza hata yakiwa madogo. Mabanda machache yenye mbwa wenye afya, waliofundishwa kila juma na kuandikiwa kumbukumbu sahihi, ni bora kuliko mabanda mengi yenye njaa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na anayeujenga ukuta huo, mara nyingi, ni askari wa zamu aliyesimama mlangoni, akingoja mbwa ambaye hakuna aliyemwambia kwamba hatakuja.