Kuzuru Nchi ya Mababu

Natumaini walimu wenu wamekwisha kutundika ramani ukutani, kwa maana leo tutaihitaji. Kila aliye na karatasi hii mkononi na aifuate polepole. Likija neno gumu, nitalieleza.

Somo la leo ni juu ya watu waliotoka kwao wakakaa nchi za mbali, kisha wao au wajukuu wao wakatamani kwenda kupaona mahali patakatifu pa wazee wao. Hawaendi kuhamia. Wanakwenda kuzuru, kusali, na kurudi. Watu wa namna hiyo ni wengi duniani, lakini nimewachagua Masingasinga, kwa sababu ninyi mnawajua. Labda mmoja wenu amefanya kazi katika karakana ya Singasinga, au amejifunza useremala kwake. Wengi wetu huwaita Makalasinga, na inasemekana jina hilo lilitokana na mfanyabiashara mmoja wa zamani wa Nairobi aliyeitwa Kala Singh. Wenyewe hujiita Sikh, na maana ya neno hilo ni mwanafunzi. Basi mna udugu nao.

Sasa tazameni ramani. Kaskazini ya Bara Hindi mtaona nchi ya Punjab, yaani nchi ya mito mitano. Huko alizaliwa Guru Nanak mwaka 1469, katika kijiji ambacho siku hizi huitwa Nankana Sahib. Guru maana yake ni mwalimu. Huyu ndiye aliyeanzisha dini yao. Alisafiri miaka mingi akifundisha, na uzeeni akakaa Kartarpur, kando ya mto Ravi, akalima shamba kwa mikono yake mwenyewe na kula pamoja na watu wote bila kuuliza kabila wala cheo. Akafa hapo mwaka 1539.

Mwaka 1947 Waingereza waliondoka Bara Hindi, na nchi ikagawanywa kuwa India na Pakistan. Mstari wa mpaka ulipita katikati ya Punjab. Zaidi ya watu milioni 10 walihama, Waislamu wakienda upande huu, Wahindu na Masingasinga upande ule, na mamia ya maelfu waliuawa. Masingasinga karibu wote wakajikuta upande wa India. Nankana Sahib na Kartarpur zikabaki Pakistan.

Fikirini jambo hili. Kartarpur ni umbali wa kilomita chache tu kutoka mji mdogo wa Dera Baba Nanak ulio upande wa India. Mtu wa shambani angeweza kwenda kwa miguu asubuhi akarudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini palikuwa na mpaka na askari. Ikawa watu wanasimama kwenye jukwaa huko Dera Baba Nanak, wanapokezana darubini, wanakitazama kile kuba cheupe ng'ambo ya mashamba, wanasali, wanarudi nyumbani. Wako wazee waliofanya hivyo mpaka wakafa.

Tarehe 9 Novemba 2019, katika mwaka wa 550 tangu kuzaliwa kwa Guru Nanak, serikali mbili hizo zilifungua njia maalum kuvuka mpaka. Raia wa India aliweza kupita bila visa, akalipa dola 20, akazuru, na kurudi siku ile ile. Watu waliolia siku hiyo hawakuwa wachache. Lakini mwezi wa Machi 2020 njia ilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, ikafunguliwa tena Novemba 2021. Mwaka 2024 mapatano yakaongezwa kwa miaka mitano. Halafu, mwezi wa Mei 2025, India na Pakistan zilipigana kwa siku chache, na India ikaifunga njia upande wake. Mwezi wa Novemba mwaka huo mahujaji wapatao 2,000 waliruhusiwa kuingia Pakistan kwa kivuko kingine ili kuadhimisha kuzaliwa kwa Guru, lakini njia ile ya Kartarpur haikufunguliwa.

Mpaka hapa mtasema, je, hao Masingasinga wa nchi za mbali wako wapi? Ndio hao nawafikia.

Reli ya kutoka Mombasa mpaka Kisumu ilijengwa tangu 1896 hata 1901. Waingereza walileta wafanyakazi yapata 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab, na miongoni mwao walikuwamo mafundi wengi wa Kisingasinga. Yapata 2,500 walikufa kazini. Karibu 6,700 walibaki katika nchi hizi. Baadaye, mwaka 1972, Idi Amin aliwafukuza Waasia Uganda kwa siku 90, na wengine wa Kenya na Tanzania nao wakaondoka miaka ile ile. Wakaenda Uingereza na Kanada. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, Kanada ilikuwa na Masingasinga zaidi ya 770,000, na Uingereza pamoja na Wales 524,000. Wengi wa hao walitoka Punjab moja kwa moja, lakini si haba waliopitia kwetu.

Ajabu ni hii. Singasinga aliyezaliwa London, mwenye pasi ya Uingereza, anaweza kupanda ndege akashuka Lahore na kufika Nankana Sahib kwa gari. Mwaka 2024 serikali ya Pakistan ilitangaza kuwa Masingasinga wa Uingereza, Kanada na Marekani watapewa visa bure na upesi. Lakini mkulima wa Dera Baba Nanak, ambaye akipanda juu ya dari anakaribia kuiona Kartarpur, yeye alifungiwa njia mwaka 2025. Aliyekwenda mbali ndiye aliyekaribishwa, na aliyebaki karibu ndiye aliyezuiwa.

Je, kwa nini Pakistan inawataka wageni hao? Sababu moja ni heshima ya dini, na sababu nyingine ni fedha. Sioni aibu kulisema hilo. Mgeni hulala hotelini, hula, hukodi gari, hununua vitu. Mwenye duka pale Nankana Sahib, naye ni Mwislamu, anapata riziki yake. Ubaya unaweza kuingia pale mahali patakatifu panapotengenezwa kuwapendeza wageni. Kartarpur ilipotengenezwa mwaka 2019, uwanja mkubwa wa marumaru ulijengwa kuizunguka, na baadhi ya Masingasinga wa ng'ambo wakaomba kwamba mashamba yasimalizwe, kwa kuwa hayo ndiyo mashamba aliyolima Guru. Mimi nawaunga mkono. Marumaru mtu anaweza kuiona popote.

Tena jueni kwamba kwao ziara si faradhi, kama Hija ilivyo kwa Mwislamu mwenye uwezo. Guru Nanak mwenyewe alifundisha kuwa kuoga katika maji matakatifu hakusafishi moyo mchafu. Basi hakuna sheria inayomlazimisha kijana wa Birmingham au Toronto aende Punjab. Atakwenda akipenda. Bibi yake alikwenda kwa sababu alikikumbuka kisima na mti wa kijijini. Kijana hakumbuki chochote, na lugha ya Kipunjabi labda anaisikia bila kuisema. Hapo ndipo lilipo swali la siku zijazo, na jibu lake, nionavyo mimi, litatokana na nyumbani, jioni, bibi akiwa bado hai wa kusimulia.

Na kwa wengine nchi ya mababu imekwisha kuwa mbili. Wenye kusafiri kwa barabara kutoka Nairobi kwenda Mombasa mnaijua Makindu. Hapo pana gurdwara iliyojengwa mwaka 1926 na Masingasinga wa reli. Gurdwara ni nyumba yao ya ibada. Maana ya neno ni mlango wa Guru. Msafiri yeyote akipita, awe Mkristo, Mwislamu au asiye na dini, huvua viatu, hufunika kichwa, hupewa chapati, dengu na chai bila malipo. Akichelewa, hupewa na mahali pa kulala. Masingasinga wa Uingereza na Kanada hufunga safari mpaka Makindu kusali, kisha huenda kutazama nyumba aliyozaliwa baba, Nairobi, Nakuru au Kisumu. Kwao, hapo ni mahali pa wazee, sawa na Punjab. Na kuja hapa hawahitaji kungoja India na Pakistan zipatane.

Hii ndiyo kazi ya juma hili. Mwulizeni mzee mmoja mahali walipozikwa babu na bibi zake, na kama yuko mtu anayekwenda kupatazama. Andikeni majibu kwa sentensi tano au sita, mkamwonyeshe mwalimu. Juma lijalo, saa ile ile, tutasoma barua ya kuomba pasi ya kusafiria na namna ya kuijaza fomu yake. Kwaherini.