Kuchagua Gitaa: Ndugu Wanne wa Jamii ya Dreadnought



Wazee husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la kweli kwa mtu atafutaye sababu ya kukwepa shamba. Lakini mtu aliyeweka akiba siku nyingi ili anunue gitaa moja tu, wala hatarajii kununua la pili, hana budi kuchagua, tena kwa makini. Leo basi twataka kusema habari za gitaa moja mashuhuri, ambalo huuzwa kwa namna mbalimbali zinazofanana sana kwa sura, hata wanunuzi wengi huongeza fedha pasipo kujua wanunuacho.

Gitaa hilo huitwa Dreadnought, na kiwanda chake ni cha jamaa ya Martin, katika mji wa Nazareth, Pennsylvania, Marekani. Christian Frederick Martin alitoka Ujerumani, akaanza kazi New York mwaka 1833, kisha akahamia Nazareth. Maana ya Dreadnought ni asiyeogopa kitu. Hilo lilikuwa kwanza jina la manowari ya Waingereza iliyoshushwa majini mwaka 1906. Na kwa kuwa gitaa hili lilikuwa kubwa na pana kuliko wenzake, likapewa jina hilo. La kwanza lilifanywa mwaka 1916 kwa ajili ya duka la Oliver Ditson, na mwaka 1931 Martin wakaanza kuliuza kwa jina lao wenyewe.

Vyaelea, vimeundwa. Na tutazame jinsi chombo hiki kiundwavyo. Uso wake ni ubao mwembamba wa sprusi, mti wa nchi za baridi, nao ndio utikisikao nyuzi zipigwapo. Chini ya uso, kwa ndani, vimegandishwa vijiti, na viwili vilivyo vikubwa hupandana mfano wa herufi X. Kazi yake ni kama ya mataruma ya jahazi, maana visingekuwapo, nguvu za nyuzi zingeupinda uso hata ukaharibika. Mgongo na mbavu hufanywa kwa mti mwingine. Ukiyashika mambo haya mawili, yaani mti wa mgongo na mbavu, na jinsi mataruma yalivyochongwa, umekwisha kuujua ufunguo wa habari yote.

Ndugu wa kwanza ni D-18. Mgongo wake na mbavu zake ni za mahogani, mti ulio jamaa na mkangazi wetu. Sauti yake ni kavu na wazi. Kila uzi husikika peke yake, wala mlio haukawii hewani.

Wa pili ni D-28. Yeye ni wa rozwudi, mti wa ukoo mmoja na mpingo. Sauti zake nene zina nguvu, na mlio wake hukaa kitambo kabla ya kufifia.

Wa tatu ni HD-28. Zamani mataruma ya D-28 yalichongwa yakapunguzwa unene mahali mahali, uso ukawa mwepesi kutikisika. Tena ukingo wake ulipambwa kwa urembo mfano wa ukili wa mkeka. Wapigaji walipozidi kutia nyuzi nene, kiwanda kiliacha uchongaji ule mwaka 1944, na mwaka 1947 urembo nao ukakoma. Mwaka 1976 vyote viwili vilirudishwa katika HD-28. Basi yafaa mnunuzi akumbuke kwamba ukili wa ukingoni hauongezi sauti hata kidogo. Kilichobadili sauti ni kazi ya patasi kule ndani, isiyoonekana.

Wa nne ni D-35, aliyezaliwa mwaka 1965. Mbao pana za rozwudi zilikuwa zimeanza kuadimika, kwa hiyo mgongo wake ukaungwa kwa vipande vitatu badala ya viwili. Mataruma yake ni membamba zaidi, na sauti yake ni ya kina.

Je, yupi aliye bora? Sisi twajibu kwa swali: gitaa hili litafanya kazi gani? Apigaye nyuzi zote pamoja ili kuitegemeza kwaya atapenda uzito wa D-28 au D-35. Achezaye kwa kidole gumba na cha shahada, kwa mtindo uliomvumisha Jean-Bosco Mwenda wa Katanga tangu Hugh Tracey alipomrekodi mwaka 1952, huenda akaona D-18 yamfaa zaidi, kwa sababu nyuzi zake hazisongani.

Wengi humdhania D-18 kuwa ni mdogo wa wote, kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko ya D-28. Sivyo. Hank Williams alipiga D-28, lakini Elvis Presley alipoanza kurekodi Memphis mwaka 1954 na 1955 alipiga D-18, wala hakuna aliyelalamika. Tena bei yaweza kupotosha. Gitaa la D-18E la mwaka 1959, alilolipiga Kurt Cobain mwaka 1993, liliuzwa mnadani mwaka 2020 kwa dola zaidi ya milioni 6. Zilizolipiwa ni kumbukumbu za mikono ya marehemu. Mbao zake hazikugeuka.

Sasa shauri letu. Ufikapo dukani, mwombe mwenzio ayapige magitaa yote kwa wimbo mmoja, nawe usimame mbele yake umegeuza uso, usijue alipigalo. Sauti ya gitaa huenda mbele, na msikilizaji aipata kuliko mpigaji. Kisha tazama shingo kama imenyoka, na uso kama una ufa. Ukiuziwa la zamani, uliza mwaka wake, maana hata mwaka 1969 rozwudi ilitoka Brazil, na baadaye ikaletwa ya India. Mti ule wa Brazil umo tangu mwaka 1992 katika orodha kali ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe adimu, na gitaa lake lisilo na hati laweza kuzuiliwa mpakani.

Mwisho, mchague yule ambaye masikio yako yamemchagua, hata kama hana urembo na bei yake ni nafuu. Fedha iliyobaki nunua nyuzi za akiba na mfuko mzuri, nawe ujifunze kila siku.