SOMO LA REDIO: NOVGOROD, MJI WA BARUA ZA MAGOME

  Wewe utakayeyasoma maneno haya katika karatasi, soma polepole. Majina ya Kirusi ni magumu kidogo, lakini si mengi.

Leo tunakwenda Urusi, nchi ya baridi kali. Upande wa kaskazini magharibi, yapata maili 300 kutoka Moscow, uko mji uitwao Novgorod. Maana ya jina hilo ni Mji Mpya. Usicheke! Huo unaoitwa mpya umepita miaka elfu moja. Tangu mwaka 1999 jina lake rasmi ni Veliky Novgorod, yaani Novgorod Mkuu, ili watu wasiuchanganye na mji mwingine wenye jina kama hilo ulio kando ya mto Volga.

Mto wa Novgorod ni Volkhov. Hutoka katika ziwa Ilmen, karibu kabisa na mji, ukaenda kaskazini mpaka ziwa Ladoga. Zamani misitu ilikuwa minene na njia za nchi kavu mbaya, basi mto ndio uliokuwa barabara. Wafanyabiashara walipita kwa mashua. Na wakati wa baridi, maji yakiisha kuganda, walipita juu ya barafu. Watu wa Novgorod waliuza manyoya ya wanyama na nta ya nyuki. Wajerumani walikuwa na ua wao mjini, wakaleta nguo za sufu, chumvi na fedha.

Mto umeugawa mji pande mbili. Magharibi iko ngome ya matofali mekundu, na ndani yake kanisa kubwa la Mtakatifu Sofia, lililoanza kujengwa mwaka 1045. Mashariki ilikuwa sokoni. Katikati palikuwa na daraja la mbao, na daraja hilo lilijua mengi, kwa maana watu wa pande mbili walipogombana walipigana papo hapo, na aliyehukumiwa alitupwa mtoni.

Wagombanie nini? Mji huu ulikuwa na desturi ya peke yake. Kengele ilipopigwa, wenyeji walikusanyika kufanya baraza. Mwaka 1136 walimfukuza mtawala wao, na tangu hapo walikuwa wakimchagua mtawala kwa mapatano. Asipowapendeza, humwonyesha njia. Lakini usidhani kwamba maskini na tajiri walikuwa sawa. Matajiri wenye mashamba makubwa ndio waliokuwa na nguvu katika baraza. Hata hivyo Moscow haikuipenda kengele ile. Mwaka 1478 Ivan wa Tatu aliuteka mji, akaishusha kengele ya baraza, akaipeleka Moscow. Mjukuu wake, Ivan wa Nne, alikuja mwaka 1570 akaua watu wengi mno. Wenyeji husimulia kwamba njiwa alitua juu ya msalaba wa Mtakatifu Sofia, akayaona mauaji yale, akageuka jiwe kwa hofu. Sanamu ya njiwa iko msalabani.

Sasa tuje katika vita vya pili vya dunia. Majeshi ya Ujerumani yaliushika mji toka Agosti 1941 mpaka tarehe 20 Januari 1944. Walipoondoka, katika nyumba zaidi ya elfu mbili zilibaki yapata arobaini tu zilizofaa. Msalaba wenye njiwa ulichukuliwa na askari wa Hispania waliokuwa pamoja na Wajerumani, ukarudishwa mwaka 2004. Na ile sanamu kubwa ya mwaka 1862, iliyojengwa kuikumbuka miaka elfu ya Urusi, ilikutwa imevunjwa vipande vipande ili isafirishwe. Watu waliounga tena vipande hivyo mwaka ule ule wa 1944, na wao wenyewe hawana mahali pa kulala.

Lakini ardhi iliyobaki wazi baada ya moto iliwafaa wachimbaji wa mambo ya kale. Kabla nyumba mpya hazijajengwa, walichimba. Udongo wa Novgorod ni wa maji maji, hewa haiingii, kwa hiyo mbao haziozi. Mitaa ya zamani ilitandikwa magogo. Yakizama katika tope, watu walitandika mengine juu yake. Katika mtaa mmoja walihesabu matandiko 28, moja juu ya jingine, la chini la mwaka 953 na la juu la mwaka 1462.

Tarehe 26 Julai 1951, mama mmoja mfanyakazi, jina lake Nina Akulova, aliona katika ufa wa magogo hayo kipande cha gome kilichojikunja. Ni gome la mti ambao Warusi huuita berioza. Alipotazama vizuri aliona mikwaruzo. Mkubwa wa wachimbaji, Artemy Artsikhovsky, aliletewa, akatazama, na kwa muda hakuweza kusema neno. Mikwaruzo ile ilikuwa maandishi!

Kwa nini astaajabu? Kwa sababu wataalamu wengi walidhani kwamba zamani zile walioweza kuandika ni mapadri na wakubwa tu. Sasa zimepatikana barua zaidi ya 1,100 mjini humo. Hazikuandikwa kwa wino. Mtu alichukua kijiti chenye ncha, cha chuma au cha mfupa, akakwaruza upande wa ndani wa gome, ulio laini. Akiisha kusomewa, mwenye barua aliitupa kama takataka. Nasi tunashukuru kwa uvivu wao wa kufagia.

Wanaandika nini? Habari za deni, samaki, kodi na kesi. Mtu aitwaye Boris yuko safarini. Anamwandikia Nastasya amletee mtu mwenye farasi, maana kazi ni nyingi, tena ampelekee shati, kwa kuwa amesahau shati. Mwingine ni Gostyata, mwanamke wa karne ya 12. Mumewe amemfukuza, ameoa mwingine, na mali aliyopewa Gostyata na baba yake na jamaa zake ameizuia. Anamwandikia Vasil aje amsaidie. Kama alikuja au hakuja, gome halisemi. Mimi nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara nangojea jibu.

Nimemweka wa mwisho mwanafunzi mwenzenu. Jina lake Onfim, mtoto wa miaka sita au saba hivi, karne ya 13. Magome yake yalipatikana mwaka 1956. Ameandika herufi zote kwa mpango, kisha akaziunganisha: ba, va, ga, da, tena be, ve, ge, de. Mnaitambua kazi hiyo? Ndiyo hasa mliyoifanya ninyi katika miezi ya kwanza. Halafu alichoka. Akageuza gome akachora mnyama wa kutisha, akaandika kwamba mnyama huyo ni yeye mwenyewe, na chini yake salamu kwa rafiki yake Danilo. Katika gome jingine amechora mpanda farasi anayemchoma adui mkuki, na kando ya mpanda farasi ameandika: Onfim. Vidole vya watu wake huwa vitatu, mara vinne. Kuhesabu alikuwa hajafika.

Haya, shikeni kalamu. Kwa somo lijalo kila mmoja aandike barua ya mistari mitatu tu, kama ile ya Boris: jina lako, jina la unayemwandikia, na kitu kimoja unachokihitaji kweli. Usiandike salamu ndefu. Mwalimu wako asisahihishe mpaka wewe mwenyewe umeisoma kwa sauti mbele ya wenzako. Kwaherini mpaka juma lijalo.