Mpini Imara Huanza na Kipande Kilichonyooka

(Mazungumzo ya mwalimu wa useremala kwa mafundi wa jua kali na wanafunzi wa vyuo vya ufundi stadi)



Visu vingi vinavyouzwa katika masoko yetu vimefuliwa hapa hapa, kwa chuma cha springi za magari. Makali yake ni mazuri. Kinachomrudisha mteja akilalamika ni mpini: umelegea, umepasuka, unacheza mkononi. Mchinja nyama ana mafuta mikononi. Mpini ukicheza, kidole kinaenda. Tena ule mwanya kati ya mbao na chuma hukusanya damu na maji. Chuma kinashika kutu, mbao inaoza, na uchafu ulioingia humo hautoki kwa kuosha.

Mara nyingi kosa si la gundi wala ribiti. Kipande cha mbao hakikunyooshwa kabla ya kufungwa.

Kwanza, mbao iwe kavu. Ukinyoosha mbao mbichi leo, wiki ijayo imejikunja. Masalio ya karakana za samani yanafaa, na mwarobaini ambao wachongaji wa Pwani huutumia unafaa pia. Ukitaka kukata mti, uliza kwanza kuhusu kibali kwa Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS).

Pili, pata uso mmoja wa msingi. Punguza kwa randa, kisha bandika msasa namba 80 juu ya kioo kinene. Chora mistari ya penseli kwenye uso wote wa kipande, halafu sugua. Shika chini, karibu na msasa, na ugeuze kipande kila baada ya misuguo kumi. Penseli ikifutika kote, uso umenyooka. Ikibaki katikati, pana bonde, endelea. Ikibaki kandokando, umeacha tumbo katikati, maana yake mkono unayumba au msasa umejikunja.

Tatu, chukua skwea. Iegemeze kwenye uso wa msingi, uinue kipande kuelekea mwanga. Mwanga ukipenya, ubavu bado haujawa na pembe ya digrii 90. Sugua palipoinuka tu. Ubavu ukikubali, fanya uso wa pili uwe sambamba na ule wa kwanza, ukipima unene kwenye pembe zote nne.

Nne, kwa kisu chenye mbao pande mbili za msuka, pasua kipande katikati kwa urefu. Viache vipande viwili vitulie siku chache, kwa kuwa mbao ikipasuliwa huweza kupinda tena. Kisha nyoosha nyuso zilizopasuliwa, ambazo ndizo zitakazokaa kwenye chuma. Usizing'arishe sana, gundi hushika vizuri zaidi penye ukwaruzo mdogo.

Msiviringe upande wa nje kabla ya kutoboa. Upande wa nje ulio bapa ndio unaolala juu ya meza ya drili. Ukiuviringa mapema, tundu litakwenda mshazari na ribiti haitapita.

Kagueni na msuka wenyewe. Springi huwa na mpindo, na fundi asipouondoa wote, mbao iliyonyooka itaachana na chuma. Weka msuka juu ya kioo kile kile: ukiyumba, rudi kwenye fuawe au tupa. Kulazimisha mwanya ufunge kwa jiliwa ni kujidanganya. Mbao itavuta kurudi ilikotoka, siku moja gundi iachie.

Vaeni barakoa mnaposugua, hasa mbao ngumu kama mpingo, kwa maana vumbi lake huwasha pua na kifua.

Kazi hii haihitaji mashine ya bei. Kioo, msasa, penseli na skwea vinatosha, pamoja na subira. Mteja haoni uso uliofichwa ndani ya mpini, lakini mkono wake utaujua.