Kupaka Rangi Mabati: Kazi Iliyo Kabla ya Rangi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Halmashauri imetutaka sisi wapaka rangi tueleze kwa nini rangi hubanduka juu ya mabati. Jambo hili si letu peke yetu. Rangi ikibanduka hutafutwa mtu wa kulaumiwa, na mara nyingi mtu huyo ni mwenye brashi. Katika kazi moja ya kandarasi, paa lilianza kutoa magamba kabla mwaka haujaisha, nasi tukaambiwa ya kwamba gharama ya rangi mpya itakatwa katika mishahara yetu. Yafaa basi kila mwanachama ajue ukweli.

Kwanza tulijue bati lenyewe. Ni chuma kilichochovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa moto wa digrii 450 hivi. Zinki ni nguo ya chuma: huliwa yenyewe kwanza ili chuma kisiliwe. Nairobi ilipoanza mwaka 1899 kuwa kambi ya reli, majengo yake mengi yalikuwa ya mabati na mbao, na hata leo tunayo mabati kila mahali: mapaa, mifereji ya mvua, mabanda na mabomba.

Lakini zinki haipatani na rangi ya mafuta. Unyevu ukipenya, mafuta ya rangi hukutana na zinki, na katikati yao hufanyika kitu kama sabuni. Nani aweza kusimama imara juu ya sabuni? Rangi huachia na kuambuka vipande vipande. Tena bati jipya hutoka kiwandani likiwa na mafuta au dawa ya kulikinga na kutu nyeupe, na uso wake ni laini mno, rangi haina pa kushika. Siku ya kwanza kazi hung'aa na kila mtu hutusifu. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Basi kazi yenyewe huenda hivi.

Osha kwanza. Tumia maji ya sabuni na brashi ya nailoni, kisha suuza kwa maji safi mengi. Usifute kwa mafuta ya taa, kwa maana huacha mafuta mengine nyuma yake. Kutu nyeupe, ule unga unaotokea mabati yakipangwa yakiwa na maji, lazima isuguliwe yote. Lakini usitumie mashine ya kusagia wala brashi ya waya kwa nguvu, maana utaivua ile nguo ya zinki na kukiacha chuma uchi.

Kisha pima kwa maji. Mwagia maji kidogo juu ya bati. Yakijikusanya matone matone, bado pana mafuta, rudia kuosha. Yakitandaa kama karatasi, ni safi.

Bati jipya lina njia mbili. Ya kwanza ni kuliacha juani na mvuani miezi sita hata mwaka, halafu kuliosha. Ya pili ni kulipaka dawa ya asidi ya fosfori yenye shaba. Bati likigeuka jeusi, dawa imeshika; pasipogeuka, hapakuwa safi. Baada ya hapo suuza, uache likauke kabisa.

Sasa rangi ya kwanza. Soma mkebe: ni lazima uandikwe kuwa rangi hiyo ni ya mabati yenye zinki. Penye kutu nyekundu, kwaruza hapo tu, upake rangi ya kuzuia kutu kabla ya nyingine. Usipake asubuhi bati likiwa na umande, wala adhuhuri likiwa linaunguza mkono. Ndugu wa Mombasa wazidi kuosha, kwa sababu hewa ya bahari huweka chumvi juu ya bati.

Tukiyahesabu haya, kuosha, kupima na kukausha huchukua saa nyingi kuliko kupaka. Lakini kadi ya kazi huandikwa "kupaka rangi" tu, na saa hupewa za kupaka tu. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Tena iko hatari. Katika miaka ya 1950 na 1960 mojawapo ya rangi zilizopendwa kwa zinki ilikuwa na risasi ndani yake. Kwa hiyo rangi ya zamani isisuguliwe kavu: ilowesheni, vaeni barakoa, wala msipeleke ovaroli zenye vumbi nyumbani kwa watoto. Na wenzetu wanaochomelea mabati wajihadhari na moshi wa zinki, ambao humletea mtu homa na kutetemeka usiku.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe glavu, miwani na mavazi ya kujikinga panapo vitu vya kudhuru. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Kunyimwa saa za kuosha si kosa la makusudi la mpaka rangi.

Kwa hiyo twaomba tawi lidai mambo matatu: saa za kuosha ziandikwe katika kadi ya kazi, stoo iagize rangi ya kwanza inayofaa zinki, na vifaa vya kujikinga vitolewe kabla ya kazi kuanza. Nasi wapaka rangi tuna wajibu wetu. Mwite msimamizi aone maji yakimwagwa juu ya bati. Akisema "paka hivyo hivyo," andika tarehe na maneno yake, na shahidi aweke sahihi. Daftari la senti chache laweza kuokoa mshahara wa mwezi.

 Mwenye swali na aulize.