UMOJA WA MADHEHEBU HUANZIA KAZINI



Anayetaka kufahamu ugumu wa ushirikiano baina ya madhehebu ya Kikristo katika Afrika Mashariki hana budi kurejea Kikuyu, nchini Kenya, mwezi Juni 1913. Wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wengineo walikutana huko kutafuta shirikisho. Kila misheni ilikuwa na eneo lake, na muumini aliyehamia eneo jingine alijikuta mgeni kanisani.

Mkutano ulipokwisha, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Kipresbiteri, na wasio Waanglikana wakashiriki. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana mwenzake, akamshtaki kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury, pamoja na Askofu Willis wa Uganda. Mzozo ukavuma hadi Uingereza.

Si haki kumbeza Weston. Alishikilia kwamba wasiokubaliana juu ya uaskofu na sakramenti wasijifanye wamekubaliana. Hoja hiyo ingali hai: mwaka 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia saini huko Augsburg tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, lakini meza ya Bwana bado inawatenga.

Hata hivyo, kazi haikungoja mzozo uishe. Mwaka 1918 misheni za Kiprotestanti nchini Kenya ziliunda muungano, na mwaka 1926 ikafunguliwa papo hapo Kikuyu shule ya Alliance, ambayo jina lake maana yake ni muungano. Vijana wakaketi darasa moja kabla ya wakubwa wao kuafikiana juu ya meza moja.

Wakatoliki hawakuwamo. Mlango ulifunguka baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965. Nchini Tanzania, mwaka 1992, Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo viliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, kwa ajili ya shule na hospitali zao.

Funzo ni bayana. Zahanati mbili za madhehebu mawili zikitazamana kijiji kimoja, ilhali kijiji cha pili hakina hata moja, anayeumia ni mwananchi. Tofauti za imani zisemwe kwa ukweli na kwa heshima. Mgonjwa na mwanafunzi wasicheleweshwe kwa ajili yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.