Mabaka Yanayotoweka Kabla ya Kufika Zahanati



Leo twataka kuzungumza juu ya dhuluma isiyotajwa mara nyingi, nayo ni mgonjwa kutosadikiwa.

Upo ugonjwa wa ngozi ambao matabibu huuita urtikaria sugu. Mwili huota mabaka yaliyovimba, yenye kuwasha mithili ya upupu. Kila baka hudumu saa chache, kwa kawaida halipiti saa 24, kisha hutoweka bila kuacha alama, na jingine huchomoza mahali pengine. Hali hiyo ikiendelea majuma 6 au zaidi, huitwa sugu. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na huweza kudumu miaka kadhaa.

Shida yenyewe iko hapa. Mama awashwa usiku kucha. Alfajiri ashika njia kwenda zahanati. Zamu yake ifikapo, saa nne asubuhi, ngozi ni safi. Aonyeshe nini? Tena juu ya ngozi nyeusi ule wekundu uelezwao vitabuni hauonekani vema, hata mabaka yakiwapo. Basi apewa dawa ya minyoo, safari nyingine ya upele, safari nyingine ya fangasi, na kila safari alipa. Wengine hukatazwa mayai, samaki na karanga miaka mingi, ilhali kwa watu wazima chakula si chanzo cha kawaida cha ugonjwa huu. Mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe inayozichokoza chembe za ngozi hata zikamwaga kemikali iitwayo histamini. Nyumbani nako maneno hayakosi: karogwa, ana UKIMWI, ajidekeza. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hauna haja ya mganga wa kupiga ramli.

Kuutambua hakuhitaji mashine kubwa. Kwahitaji tabibu anayeuliza na kusikiliza. Mgonjwa na alizungushie baka moja wino wa kalamu, kisha atazame saa. Mwenye simu ya kupiga picha apige usiku ule ule. Baka likipita siku nzima, likiuma kuliko kuwasha na kuacha alama kama ya chubuko, aseme hivyo, kwani huenda ni ugonjwa wa mishipa ya damu.

Dawa ya kwanza ni vidonge visivyoleta usingizi mwingi, kama setirizini au loratadini, vimezwe kila siku, si siku ya mwasho tu. Visipotosha, daktari aweza kuongeza kipimo hadi mara nne. Prednisoloni ya miezi mingi inunuliwayo dukani bila cheti (na hili twalisema kwa ukali) huleta kisukari na kudhoofisha mifupa. Tangu 2014 ipo pia sindano ya omalizumabu, lakini bei yake iko mbali na mfuko wa mkulima.

Tangu miaka ya 1990 kituo cha mafunzo kilichoko KCMC, Moshi, kimefundisha matabibu wa magonjwa ya ngozi. Viongozi, ulizeni katika hospitali ya wilaya yenu kama yupo mmoja wao, na siku anazopokea wagonjwa, kisha tangazeni jumuiyani.

Na mgonjwa akivimba ulimi au koo, au pumzi ikimbana, asingoje kliniki. Kigango kitafute gari saa ile ile.